Kitu cha Kurithiwa
Ilani ya wasukaji, washonaji na wafumaji wanaofanya kazi na plastiki

Sisi tunaotoa ilani hii tunaishi kwa kazi za mikono. Wamo kati yetu wasuka ukili, mafundi cherehani, wafumaji wa kroshia, wavuvi wanaojua kushona nyavu, waokota chupa, na vijana waliosomea usanifu wakarudi nyumbani bila ajira. Sote ni watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja. Kilichotukutanisha ni kazi moja: kuunganisha kitambaa na plastiki iliyokwisha kutumika, na kutoa humo kitu ambacho mwenye nacho atakataa kukitupa.

Kwenye kukataa huko ndiko tunakoanzia, kwa sababu ndiko juhudi nyingi za urejelezaji zilikoishia. Nani hajaona ua la plastiki ndani ya kopo, taa ya chupa, pochi ya mifuko ya nailoni? Vinapangwa mezani siku ya maonyesho, mgeni rasmi anapigwa navyo picha, na baada ya miezi miwili vimo jalalani, safari hii vikiwa vimejaa gundi na rangi ya kupuliza kiasi kwamba hata kiwanda cha kuyeyusha plastiki hakivitaki. Taka imezungushwa mara moja ikarudi ilikotoka, imeharibika zaidi. Tunasema wazi kwamba kitu kisichopendwa ni taka iliyocheleweshwa, hata kikishonewa lebo ya kijani.

Mwaka 2005 Jonathan Chapman wa Uingereza aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili: watu hutupa vitu ambavyo bado vinafanya kazi kwa sababu uhusiano wao navyo umekufa kabla ya vitu vyenyewe. Tunamuunga mkono, ila bibi zetu wangeshangaa kwamba hilo lilihitaji kitabu.

Mtoto wa pwani hazaliwi bila kanga kumngoja. Doti ikiwa mpya huvaliwa harusini na kwenye shughuli. Ikianza kuchuja huwa ya kushindia nyumbani. Ikilainika huwa mbeleko, kisha nepi, kisha ya kuepulia sufuria, na mwisho dekio. Hakuna siku kanga inatupwa. Inashushwa cheo mpaka inakwishia mikononi mwa watu. Na ipo ile isiyoshushwa cheo hata kidogo, aliyoiacha marehemu, inayokaa sandukuni na harufu ya udi, ikatolewa siku mjukuu anapojifungua. Huo ni usanifu kamili, wenye mpango wa maisha ya kitu tangu dukani hadi kaburini, na hakuna aliyeuchora.

Plastiki nayo ina ngazi zake. Dumu la mafuta ya kupikia likiisha huwa la maji. Likitoboka hukatwa, nusu ikawa ya kuku kunywea na nusu ikapandwa mche wa mpapai. Lakini ngazi hizo zote zinashuka. Hatujaona dumu likipandishwa cheo, likatoka uani likaingia sebuleni, likatoka sebuleni likaingia sandukuni. Kupandisha huko ndiyo kazi tuliyojipa, na mwenza wa kutusaidia ni kitambaa, kwa kuwa kitambaa tayari kina njia ya kufika mioyoni mwa watu.

Kuna wanaotuambia kwamba plastiki na nguo haviendani, kwamba tunachafua ufundi wa wazee. Wakafungue kabati zao. Poliesta ilibuniwa mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wanakemia wa kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikichapa vitambaa. Plastiki hiyohiyo, iitwayo PET, ndiyo Nathaniel Wyeth wa Marekani aliyoifanyia chupa ya soda na kupata hataza mwaka 1973. Kwa hiyo shati la mtumba la poliesta na chupa ya maji iliyoziba mtaro ni ndugu wa damu, na shati ndilo kaka mkubwa. Siku hizi hata kanga za bei ya chini zimetiwa poliesta. Mama yeyote huijua kwa kuishika tu, maana hainywi jasho na haifai kumfutia mtoto. Wavuvi nao waliacha nyavu za pamba zamani wakahamia nailoni. Plastiki ilishaingia kwenye ufundi wetu kimyakimya, kwa mlango wa nyuma na kwa masharti ya kiwanda. Sisi tunataka iingie kwa mlango wa mbele, kwa masharti yetu.

Masharti hayo tumeyapata kwenye ukili, na hapa tutakaa kidogo.

Mkeka wa pwani hausukwi mzima kwa mpigo mmoja. Majani machanga ya mkindu au ya mwaa huanikwa, huchanwa kwa upana mmoja, na yanayotakiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria. Kisha husukwa ukanda mwembamba, mrefu ajabu, ndio ukili wenyewe, unaokunjwa mduara kadiri unavyoongezeka. Msukaji mzoefu hukaa barazani akapiga soga alasiri nzima bila kuutazama. Vidole vyenyewe vinajua jani linapokaribia kwisha na vinachomeka jingine. Ukanda ukitosha, huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo kwa sindano ndefu, na huko kushona ndiko kunakoufanya uwe mkeka. Sehemu ikichakaa, mshono hufumuliwa, kipande kibovu hutoka, kipya huingia. Hakuna gundi. Hakuna kilichoshikana na kingine kiasi cha kutoachana.

Sasa chukua mfuko wa sandarusi wa kilo 50, uliobeba mchele au unga. Nao umefumwa. Ukiufungua ukingo na kuuchomoa taratibu hutoa tepe ndefu zilizonyooka, na tepe tatu zikiwekwa pamoja hukaa mahali pa jani moja. Tuliposuka ukili wa tepe tupu ulilegea, kwa kuwa jani lina ukwaru na hushikana na jirani yake, ilhali tepe huteleza. Tukasuka jani, tepe, jani. Jani likaishika tepe, tepe ikalinda jani lisikatike pale mkeka unapokunjwa kila siku. Maandishi ya buluu na nyekundu ya mfuko yakajitokeza kama madoadoa, hayasomeki tena, ila aliyenunua mchele ule kwa shughuli ya hitima ya baba yake atayajua popote. Madoadoa yale hayakuchorwa na sisi, na kwa maoni yetu yanashinda rangi zote za dukani.

Hilo ndilo sharti letu la kwanza: kila mshono ufumulike. Kinachounganisha kitambaa na plastiki kiwe uzi, fundo au msuko, ili siku wakichokana kila mmoja arudi kwao, pamba ikaoze na plastiki ikayeyushwe na plastiki za aina yake. Anayegandisha viwili hivi kwa gundi ametengeneza kitu ambacho hakiwezi kuoza wala kuyeyushwa, na akija kwetu na kazi hiyo tutampa chai, tutamsikiliza, na tutaikataa.

Sharti la pili linahusu nani afanye nini. Kitambaa kiguse ngozi, plastiki ibebe uzito na izuie maji. Mpini wa mkoba ushikwe kwa pamba. Kitako cha mkoba kikae kwenye sakafu ya soko kwa plastiki. Mwaka 1930, Anni Albers, akimaliza masomo ya ufumaji katika shule ya Bauhaus ya Ujerumani, alifuma kitambaa cha ukutani kwa ajili ya ukumbi wa chuo cha vyama vya wafanyakazi huko Bernau. Upande mmoja aliweka nyuzi za pamba zenye manyoya zinazomeza mwangwi, upande wa pili selofani inayorudisha mwanga. Selofani hutokana na miti, kwa hiyo si ndugu wa chupa zetu, lakini mgawanyo ule wa kazi ndio tunaoufuata. Kila kimoja kilipewa kazi ambayo mwenzake asingeiweza.

Halafu kuna jua. Tunasikia kila siku kwamba plastiki haiozi, na watu huelewa kwamba basi hudumu. Hapana. Iache sandarusi juu ya paa msimu mmoja wa kaskazi, kisha uishike: inavunjikavunjika kama magamba na vipande vinapeperuka na upepo. Sumu yake inabaki, ila umbo na nguvu vimekwisha. Plastiki ni kitu dhaifu chenye mabaki yasiyokwisha, na ukweli huo ndio unaotulazimisha kuiweka karibu na kitambaa. Kitambaa kikiwa juu, plastiki chini, jua halifiki. Mkoba wenye kitambaa nje na tepe ndani utadumu kuliko mkoba wa tepe tupu, na ukichakaa ni kitambaa kitakachochakaa kwanza, ambacho kubadilisha ni kazi ya jioni moja. Ndiyo maana hatutengenezi vitu vya kukaa nje. Viti vya bustani na mapambo ya barabarani tunawaachia wengine.

Chupa zina tabia zake. Kisu kikibanwa kwenye ubao wenye mwanya, chupa moja huchanwa ikawa utepe mmoja mrefu usiokatika. Utepe huo ukizungushiwa kwenye kiungo, mathalani pale mpini unapokutana na mwili wa kikapu, kisha ukapitishiwa joto kidogo, hunywea na kubana pasipo msumari. Lakini kingo zake hukata vidole, kwa hiyo haukai mahali mkono unapopita bila kuvikwa kitambaa. Mifuko laini tunaipiga pasi kati ya karatasi mbili, nje, penye upepo. Joto likipita nyuzi 100 kwa kiasi kidogo tayari inashikana. PVC, ile ya mabomba na ya vitambaa vya mezani vinavyong'aa, haiguswi na moto kwetu. Ikiungua hutoa hewa ya asidi inayochoma mapafu, na hakuna mkeka wenye thamani ya pafu la fundi.

Sasa turudi kwenye mapenzi, maana ufundi peke yake haujawahi kumzuia mtu kutupa kitu.

Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu, zile za shambani zilizopauka magotini, akazikata na kuzishona kuwa blanketi la viraka la kujifunikia. Miaka mingi baadaye blanketi lile limeonyeshwa katika makumbusho makubwa ya nchi ile, na watu husimama mbele yake muda mrefu. Hakutumia hata kipande kimoja cha kitambaa kizuri. Kilichofanya kazi ni kwamba kila kipande kilikuwa na mwenyewe.

Ndiyo sababu sharti letu la tatu ni plastiki yenye mwenyewe. Huko jalalani zipo tani, na tunazichukua kwa kazi za chini, kwa vitako na bitana. Lakini kinachoonekana, kinachoguswa na macho ya nyumba, kitoke kwa watu wanaojulikana: beseni lililopasuka alilooshewa kifungua mimba, boya la mzee aliyeacha bahari, ndara za mtoto aliyekwisha kuwa mrefu kuliko baba yake, kamba zilizochoka za wanawake wa mwani. Tangu kilimo cha mwani kianze kufanywa kibiashara Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, maelfu ya wanawake wamefunga miche kwenye kamba za plastiki kwa vifundo vya nyuzi ziitwazo taitai, wameinama majini kwa saa nyingi. Kamba hizo zikichakaa huachwa ufukweni. Mama akituletea kamba zake tunazisuka pamoja na kanga aliyokuwa akijifunga kiunoni shambani, na kinachotoka ni tandiko ambalo mjukuu ataulizwa habari zake.

Sharti hili lina upande mwingine ambao watu wa pwani wanauelewa haraka. Kitu cha ibada hakitengenezwi kwa taka isiyojulikana ilikopita. Mtu akitaka mswala, plastiki yake itoke nyumbani, iwe safi, na sehemu ya kusujudia iwe ya pamba au ya ukindu mtupu. Wapo waliotuona wenye mambo mengi kwa sababu hiyo. Sawa. Bila twahara mswala huo ungebaki umekunjwa nyuma ya mlango, na tungekuwa tumetengeneza taka nyingine.

Na la majonzi tuliseme sasa. Anayetuletea vitu vya marehemu hapigwi picha, kazi yake haiwekwi kwenye maonyesho, na simulizi yake haiandikwi kwenye kibandiko cha bei. Kazi hizo hufanywa, hukabidhiwa, zikaisha. Tunajua kwamba hisia zinauza, na hasa kwa mgeni anayetafuta zawadi ya kubeba kwenye ndege. Kwa hiyo tunajifunga mikono mapema.

Tuna wa kuwashukuru. Huko Njau, Gambia, Isatou Ceesay na wanawake wenzake walianza mwaka 1997 kukusanya mifuko ya plastiki, kuikata nyuzi na kuifuma pochi, wakati majirani wakiwacheka. Huko Accra, Ghana, msanii Serge Attukwei Clottey hukata madumu ya manjano vipande vya mraba na kuviunga kwa waya vikawa mazulia makubwa yanayoning'inia kuta nzima. Madumu hayo Waghana wanayaita kwa jina la Rais Kufuor, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba maji miaka ya uhaba wakati wa utawala wake. Tunampenda Clottey kwa sababu alichagua plastiki yenye historia. Na hapa kwetu, Lamu, mwaka 2018 kilishushwa majini chombo cha Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kuvikwa ndara zipatazo 30,000, chini ya fundi Ali Skanda. Mwaka 2019 kilisafiri hadi Unguja.

Tumejiuliza kwa nini watu walitoka majumbani kukipokea chombo kile, ilhali kuna vitu elfu vya plastiki iliyorejelezwa ambavyo havimtoi mtu hata kitandani. Jibu letu ni kwamba kilikuwa jahazi. Umbo lile liko ndani ya watu wa pwani tangu mababu, na plastiki ilipewa heshima ya umbo hilo. Kingekuwa boti ya kisasa ya muundo usiojulikana, kingepongezwa na kusahaulika. Kutokana na hilo tumeamua kwamba hatuanzi na malighafi. Tunaanza na umbo ambalo nyumba tayari inaliheshimu: mkeka, mswala, kawa la kufunikia chakula, kipepeo, kikapu cha sokoni, mto wa baraza. Kijana wa usanifu akileta umbo jipya kabisa, tunamuomba kwanza atuambie litakaa wapi ndani ya nyumba ya mama yake. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Yapo tunayokataa. Hatutakuwa ufagio wa wenye viwanda. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne, Tanzania Bara Juni 2019. Sheria hizo zilituondolea malighafi, na tulishangilia. Kampuni ikija na fulana na bango kutaka tushone chupa zake mbele ya kamera, huku mwaka huo huo ikiongeza chupa nyingine sokoni, jibu ni hapana, hata ikija na hundi. Siku ufukwe utakapokuwa hauna cha kuokota tutarudi kusuka ukindu mtupu na hakuna atakayelia.

Tunakataa pia kuuza kwa huruma. Mnunuzi asiambiwe anamsaidia mama maskini. Aambiwe mkeka umechukua siku ngapi, na alipe siku hizo. Aliyeokota chupa alipwe kwa kilo siku anayoleta, asisubiri kitu kiuzwe, kwa sababu njaa yake haisubiri. Msukaji, mshonaji na mchoraji wagawane sawa kinachobaki. Mchoraji mwenye shahada hapati zaidi. Wala jina lake halitatangulia la msukaji kwenye lebo tunayoishona upande wa ndani, yenye majina ya waliotengeneza, jina la aliyetoa plastiki akiridhia, na mwaka. Soko letu la kwanza ni jirani. Kipimo chetu cha ubora ni kama bibi harusi wa mtaani atakubali kitu hicho kiingie pamoja na vyombo vyake bila mama mkwe kukunja uso, na huo ni mtihani mgumu kuliko wa majaji wa tuzo yoyote.

Vitu vyetu havifuliwi kwa mashine. Poliesta ikisuguliwa humwaga nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo huishia baharini, kwa hiyo vifutwe kwa kitambaa kibichi na vianikwe kivulini. Kilichochakaa kirudishwe kwetu kifumuliwe. Ukarabati wa kwanza ni bure, wa pili una malipo ya nusu siku ya fundi.

Anayetaka kuingia alete kitu kimoja cha plastiki na kitambaa kimoja, vyote vya nyumbani kwake, na atueleze vilikuwa vya nani. Kusuka ukili kunafundishwa na wasukaji wenyewe na wanalipwa ada ya ualimu, maana wamefundisha bure vya kutosha. Wanaume watasuka, wanawake watashika kisu cha kuchania chupa. Tunakutana barazani kwa yeyote kati yetu mwenye nafasi, baada ya alasiri, na sindano kila mtu aje na yake.